Tupeane uzoefu: usukani wa Land Rover 109 unaotikisika

Mwenye109: Ndugu zangu, jana nilipita kwenye shimo dogo nikiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, usukani wa Land Rover 109 yangu ya Series III (toleo la tatu la Land Rover za zamani) ukaanza kutikisika kwa nguvu, na haukutulia mpaka nilipokaribia kusimama. Vichwa vya tairodi (viungo vya kwenye ncha za fimbo za usukani) vyote 6 ni vipya na tairi zimefanyiwa balansi. Aliyepatwa na hali hii aliitibu vipi?

Wa Usambara: Umenikumbusha mteremko wa Lushoto kwenda Mombo. Gari lilikuwa limetoka gereji siku mbili kabla, na nilikuwa nimeshazoea kuuzungusha usukani karibu robo ya mzunguko kabla ya tairi kuitika, nikiamini kwamba Land Rover zote kuukuu ndivyo zilivyo. Kwenye kona nilisikia mlio mmoja wa chuma chini, kisha usukani ukawa mwepesi kabisa mikononi. Nikaukata kulia, gari likaendelea na njia yake. Nilikanyaga breki, nikarudisha gia, na gari likajikita kwenye udongo wa upande wa mlima. Mke wangu na watoto wawili walikuwa ndani. Nilipoingia uvunguni nilikuta fimbo inayotoka kwenye rilei ya stelingi (kiungo kinachopokea mwendo wa usukani na kuupeleka mbele) kwenda kwenye gurudumu imechomoka, kwa sababu nati ya kichwa chake ilifungwa bila pini ya kuizuia isilegee, ikajifungua yenyewe. Tangu siku hiyo sipokei gari kwa fundi kabla sijaziona pini zote kwa macho yangu.

Mama Chogo: Pole sana, ndugu yangu. Na mimi niliendesha na robo hiyo ya mzunguko mwaka mzima.

Dereva wa Karatu: Mleta mada, funga shokapu ya usukani, ile inayotuliza mtikisiko wa fimbo zake. Yangu ilitulia siku hiyo hiyo, hata kwenye barabara ya vumbi yenye rasta.

Fundi Mstaafu: Siafiki hata kidogo. Shokapu inaficha ugonjwa, nao unaendelea kula vyuma.

Dereva wa Karatu: Mzee wangu, nimetembea nayo miaka 4 bila tatizo lolote.

Wa Usambara: Pini kwanza, jamani. Shokapu haizuii nati kufunguka.

Fundi Mstaafu: Tumrudie mwenye swali. Ekseli ya mbele ya Series ni moja nzima, na fimbo ya tairodi inaunganisha magurudumu yote mawili, hivyo gurudumu moja likipigwa na shimo linamsukuma mwenzake, naye anamrudishia. Kinachopaswa kuuzima mtikisiko huo ni ukazo wa kingpini, yaani pini za juu na chini ambazo gurudumu hugeukia likikata kona. Inua gurudumu kwa jeki, uweke stendi, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mtu akanyage breki: mchezo ukipotea, kaza beringi za gurudumu, ukibaki, ni kingpini, na hapo unapunguza shimu (vipande vyembamba vya bati) zilizo chini ya kingpini ya juu, au unabadilisha bushi yake ikiwa imekwisha. Kisha tazama bushi za springi.

Mama Chogo: Mimi fundi wangu aliongeza shimu.

Fundi Mstaafu: Kuongeza kunalegeza, dada yangu. Mwambie azitoe.

Mwenye109: Nimetoka uvunguni sasa hivi. Gurudumu la kushoto linacheza juu na chini, na kijana wangu alipokanyaga breki halikuacha kucheza. Pini zote 6 zipo. Kesho asubuhi nafungua kingpini ya juu.