Mjadala: Chanjo za RNA zikija Zanzibar, tuzikubali?

Mleta mada, Unguja
Assalamu alaykum wanabaraza. Wakati wa korona tuliambiwa kuwa chanjo za Pfizer na Moderna zinageuza maumbile ya mtu. Sasa teknolojia hiyo hiyo ya RNA, yaani kuipa seli maagizo ya kutengeneza protini, inajaribiwa kwa malaria na kifua kikuu. Mimi nasema zikifika tuzikubali. Anayepinga alete hoja, si sauti za WhatsApp.

Mpemba wa Wete
Mie napinga. RNA ina besi nne, yaani vijenzi vyake, kama herufi za maandishi: adenini, guanini, sitosini na urasili. DNA, ndiyo inayobeba maumbile ya mtu, inazo tatu katika hizo, ila penye urasili ina thimini. Vitu vinavyofanana hivyo vitashindwaje kuingiliana? Na virusi vya ukimwi si RNA? Mbona vinajipenyeza mpaka ndani ya DNA?

Maalim wa baiolojia, Chake Chake
Yakhe, hoja ya ukimwi ni nzito, naijibu kwanza. VVU huja na vimeng'enya vyake, yaani protini za kufanya kazi maalumu: kimoja kinanakili RNA kuwa DNA, kingine kinaipachika nakala hiyo kwenye DNA ya mtu. Chanjo hizi hazikubeba hata kimoja. RNA yake inasomwa na ribosomu, mtambo wa seli wa kutengeneza protini, nje ya kiini cha seli, protini inatengenezwa, kisha RNA yenyewe inakatwakatwa.

Ama hiyo besi ya nne, thimini ni urasili iliyoongezewa kaboni moja na haidrojeni zake, basi. Zote mbili hushikana na adenini. Kwa nini DNA ikajisumbua kutumia thimini? Kwa sababu sitosini huharibika yenyewe ikawa urasili. Seli ina kimeng'enya kinachoisaka urasili ndani ya DNA na kuing'oa. Lau DNA ingekuwa na urasili yake ya halali, kimeng'enya kisingejua king'oe ipi kiache ipi. Hapa ndipo watoto wa skuli wanapoacha kukariri wakaanza kuuliza.

Mpemba wa Wete
Ahsante maalim. Lakini umeruka jambo. Urasili ya kwenye chanjo si ile ya kawaida, wameichezea. Mbona hatukuambiwa?

Maalim wa baiolojia, Chake Chake
Kweli, sehemu hiyo imebadilishwa, na haikuwa siri. Wanasayansi Katalin Karikó na Drew Weissman waliandika habari hiyo mwaka 2005, wakapata Nobel 2023. RNA ya maabara ikiingia na urasili ya kawaida, kinga ya mwili huidhania ya virusi, inaishambulia, na protini inatoka kidogo. Ikigeuzwa kidogo tu, kinga hutulia. Kwamba mtu wa Mkoani hakuelezwa haya kwa lugha ya kueleweka, hapo tuko pamoja.

Muuguzi mstaafu, Unguja
Wanangu mnagombania besi, mie nagombania friji. Chanjo ya Pfizer mwanzoni ilitaka baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri, maana RNA ni dhaifu mno. Tumesahau Disemba 2009, Unguja nzima gizani miezi kama mitatu? Pemba nayo ilikuwa ya majenereta mpaka waya wa umeme kutoka Tanga ulipofika 2010. Chupa ya polio angalau ina kimraba cheupe ndani ya duara: kikikolea kwa joto mpaka kikawa sawa na duara, unaitupa, huhitaji kumuuliza mtu. Juani, sanduku la baridi likifunguliwa ovyo, nimeziona zinavyokolea.

Mleta mada, Unguja
Bi mkubwa, mwaka 2021 hiyo ya Pfizer iliruhusiwa kukaa mwezi mzima kwenye friji ya kawaida.

Muuguzi mstaafu, Unguja
Friji ya wapi, mwanangu? Kisiwani Kojani dawa inavuka kwa chombo. Na huo mwezi unahesabiwa tangu itolewe kwenye ile baridi kali, si tangu iwafikie wao.

Mpemba wa Wete
Habari ya maumbile nimeiacha. Kura yangu bado ni hapana, mpaka aje mtu atuambie friji ya Kojani analipa nani.