Premio ya kilomita 148,000: je, nihamie oili ya sintetiki?

Mwenye Premio: Wakuu, ninaomba ushauri. Ninaendesha Toyota Premio ya mwaka 2005 yenye injini ya 1NZ-FE, ambayo imekwisha kutembea kilomita 148,000. Tangu niinunue ninaiwekea oili ya kawaida ya 20W-50 na kuimwaga kila baada ya kilomita 3,000. Fundi ananishauri nihamie sintetiki (oili iliyoundwa kwa njia za kikemia) ya 5W-30, ilhali bei yake hapa Dar es Salaam inazidi mara mbili ya ile niliyoizoea, na jirani yangu ananionya kwamba oili nyepesi itavuja. Nimsikilize nani?

Mzee wa Gereji: Mkuu, hapo yamechanganywa mambo mawili. Tarakimu zile za 20W-50 na 5W-30 hueleza mnato tu, yaani wepesi au uzito wa oili inapotiririka, wala hazisemi oili imetengenezwaje. Ipo hata sintetiki ya 20W-50. Injini yako ilisanifiwa kwa oili nyepesi, kwa kuwa mfumo wake wa VVT-i, unaobadilisha wakati wa kufunguka kwa vali, huendeshwa na shinikizo la oili inayopita katika vijia vyembamba, na oili nzito huchelewa kufika huko. Kuhusu usintetiki wenyewe, sifa inayotangazwa sana ni kutiririka kwenye baridi kali, jambo ambalo sisi wa pwani halituhusu. Faida yetu iko kwenye joto: oili hiyo hupungua kidogo kwa kuvukizwa, haigeuki upesi kuwa tope jeusi, na huhimili zile saa za foleni ambapo injini inanguruma lakini kilomita hazisogei.

Dereva wa Zamani: Jirani yako hakuzua. Sintetiki za miaka ya 1970 zilipata sifa mbaya ya kuharibu sili (mipira inayozuia oili kuvuja), na hofu hiyo imebaki ingawa viambato vilikwisha kurekebishwa. Hatari ya leo ni nyingine: sili iliyokakamaa inaweza kuwa imezibwa na tope, na oili mpya ikilisafisha, uvujaji uliokuwa umejificha hujitokeza. Mimi yalinipata kwa sili ya nyuma ya kranki (shafti kuu ya injini), ikabidi gia boksi ishushwe. Fundi akague sili kwanza, na oili ya mara ya kwanza uimwage kwenye kilomita 3,000 zilezile, pamoja na filta.

Mkaguzi: Hasara inayoniuma zaidi ni mtu kulipa bei ya sintetiki akauziwa oili chafu iliyochujwa na kufungwa upya. Nunua kwa wakala, kagua lakiri ya kizibo, na galoni tupu ulitoboe kabla ya kulitupa. Oili itakayobaki usiimimine kwenye pikipiki: klachi za pikipiki nyingi huloa katika oili hiyohiyo ya injini, na viambato vya kupunguza msuguano vinaweza kuifanya iteleze. Pikipiki itafutiwe oili yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki zenye klachi za aina hiyo.

Mwenye Premio: Nimeelewa, wakuu, na ninawashukuru. Jumamosi fundi atakagua sili; zikiwa nzima, nitaweka 5W-30, na itakayobaki katika galoni la lita 4 nitaihifadhi kwa ajili ya kuongezea.