Mjadala: Ulipie domeini au ubaki na blogu ya bure?

Wadau, kila mtu anapouliza aanzie wapi kuandika mtandaoni, majibu yanagawanyika vilevile. Wa kwanza wanasema asiyelipia domeini yake, yaani jina lake mwenyewe la mtandaoni, bado hajaamua kuandika kwa dhati. Wa pili wanajibu: andika kwanza, pesa za nini wakati blogu za bure zipo tele? Naomba tulijadili hili kwa kina, maana naona pande zote mbili zinachanganya mambo mawili ambayo kila moja lina hesabu yake.

Domeini ni anwani. Hosti ni mahali mafaili yako yanapokaa. Unaweza kulipia kimoja na kingine ukakipata bure. Blogger, huduma ya blogu za bure ambayo Google waliinunua mwaka 2003, inakuruhusu kuweka domeini yako bila kulipia hosti hata kidogo. Unaingia kwa msajili aliyekuuzia jina, unafungua rekodi za DNS (maelekezo ya wapi jina limpeleke msomaji), unaelekeza www kwenye ghs.google.com, ambayo ni anwani ya Google, unaongeza rekodi ya uthibitisho ambayo Blogger wenyewe wanakupa, kisha unasubiri mabadiliko yaenee. Hakuna zaidi. WordPress.com, huduma nyingine ya blogu, hawaruhusu hivyo kwenye mpango wao wa bure: jina lao linabaki mwishoni mwa anwani yako na matangazo yao yanabaki kwenye kurasa zako mpaka ulipie.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, lipia jina. Hosti inaweza kusubiri hata miaka.

Wengi hutetea domeini kwa sababu ya muonekano, eti inakupa heshima. Mimi sioni uzito wa hoja hiyo; msomaji akipenda unachoandika atakufuata popote. Uzito uko kwenye viungo, yaani linki zinazowaleta wasomaji kwako. Yahoo waliinunua GeoCities, huduma ya kurasa za bure, mwaka 1999, ikiwa miongoni mwa tovuti zilizotembelewa sana duniani, na Oktoba 2009 wakaifunga. Posterous, huduma ya blogu, ilinunuliwa na Twitter Machi 2012. Tarehe 30 Aprili 2013 ikazimwa. Wenye blogu pale walipewa nafasi ya kupakua maandishi yao, lakini anwani haipakuliki. Kila kiungo ambacho mwandishi mwingine alikuwa amekiweka, kila ukurasa ambao msomaji alikuwa ameuhifadhi kwenye kivinjari chake, vyote vikawa havina pa kwenda. Aliyekuwa anatumia domeini yake alikuwa na njia ya kutokea: kuhamishia maandishi kwenye hosti nyingine, kuelekeza jina huko, na kuhakikisha anwani za makala zinabaki na mpangilio uleule. Msomaji wake asingejua hata kama kuna kilichohama.

Sasa niwatendee haki wa upande wa bure, kwa sababu wana hoja moja nzito ambayo watetezi wa domeini huiruka. Domeini hainunuliwi, inakodiwa. Huwezi kulipia .com zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo. Tarehe ikipita, msajili anaweza kukuachia hadi siku 45 za kulipia, ingawa wengine hutoa chache na baadhi huanza kulinadi jina mapema. Jina likifutwa, zinabaki siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, halafu siku 5 ambazo huwezi kufanya lolote, kisha yeyote anaweza kulichukua. Na wapo wanaokaa wakivizia majina ya namna hiyo, kwa sababu yameshajengewa viungo na wasomaji. Waliozoea kuja kusoma makala zako wanakutana na matangazo ya kamari chini ya jina lako.

Blogu ya bure haina hatari hiyo. Mwandishi akiugua, akikosa kipato, akifariki, maandishi yake yanaweza kubaki pale pale miaka mingi bila mtu kulipa chochote. Kwa mtu anayeandika historia ya ukoo wake, au kumbukumbu anazotaka wajukuu wazikute, hili ni jambo zito kweli, na mimi sina jibu linaloliondoa. Naweza tu kusema: mpe mtu unayemwamini nywila na tarehe ya kulipia ukiwa bado mzima.

Kuna pia wanaotafuta njia ya kati, domeini ya bure. Kampuni ya Freenom walikuwa wanagawa majina ya .tk, .ml, .ga, .cf na .gq bila malipo. Meta, wamiliki wa Facebook, waliwashitaki, mwaka 2023 usajili mpya ukasimama, na Februari 2024 Freenom wakatangaza kuachana na biashara hiyo. Waliojenga juu ya majina yale walikuwa na hatari zote mbili kwa pamoja: anwani si yao, na anayeigawa hana anachodaiwa.

Jambo ambalo naliona linaumiza watu kuliko yote haya ni jina kusajiliwa kwa mtu mwingine. Unamlipa fundi akutengenezee tovuti, naye kwa haraka zake anasajili domeini kwa barua pepe yake. Mambo yanakwenda vizuri mpaka siku mnapokosana, au anapobadili simu na kupotea. Kumbukumbu za msajili zinamtaja yeye. Ujumbe wa kukumbusha malipo unakwenda kwake. Namba ya siri ya kuhamisha jina anaipata yeye. Wewe una risiti tu. Hapo afadhali hata blogu ya bure uliyoifungua kwa barua pepe yako. Kwa hiyo mtu akisema "nina domeini", swali langu la kwanza ni imesajiliwa kwa jina na barua pepe ya nani.

Ningependa kuwasikia hasa wale waliobaki na anwani ya bure kwa makusudi, hali uwezo wa kulipia wanao. Mnahifadhi vipi nakala za maandishi yenu, na mmepanga wasomaji wawapate wapi huduma hiyo ikifungwa?