Kuhama chumba melini kati ya safari mbili

Mkaazi wa Mkoani: Assalaam alaykum. Mimi na mama yangu tutapanda meli ya kitalii kwa safari mbili zinazofuatana, lakini chumba chetu cha kwanza kimeshachukuliwa na wengine katika safari ya pili. Je, tutalazimika kushuka na mizigo yote?

Jibu kutoka Malindi, Unguja: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kwa kawaida hapana. Mtafunga mabegi, mtayabandika namba ya chumba kipya, na mhudumu atayahamisha, hata nguo zilizotundikwa zikiwa kwenye henga zake. Dawa za mama na paspoti zichukueni wenyewe, na sefu ikaguliwe mara mbili.

Jibu kutoka Wete: Chumba kipya husafishwa kwanza, kwa hivyo mama atafutiwe mapema pahala pa kupumzikia.