Tupeane uzoefu: filamu ya vijana uliyoiona ukiwa kijana, ukairudia ukiwa mzazi

Wakuu, salaam.

Jumapili nilimkalisha binti yangu wa miaka 16 sebuleni hapa Tabata, tukaangalia The Breakfast Club ya 1985. Wanafunzi watano wanapewa adhabu: wakae maktaba Jumamosi nzima na waandike insha kueleza wao ni nani. Mimi niliionea kwenye deki ya jirani miaka ya 90, nikashangaa. Hiyo ndiyo adhabu? Kwetu ukichelewa paredi ni viboko vitatu, halafu unakabidhiwa fyekeo.

Binti kashangaa kingine. "Baba, mwalimu kawanyang'anya simu?" Nikamwambia hazikuwepo. Akanyamaza kidogo. "Kumbe. Ndiyo maana ikabidi waongee."

Kilichonitisha ni mimi mwenyewe. Zamani nilimchukia yule mwalimu mpaka basi. Safari hii nimejikuta namtetea.

Nani mwingine yamemkuta?

Babu wa Ilala
Mwanangu, sisi tulianza na Rebel Without a Cause, ile ya James Dean na jaketi lake jekundu. Ni ya 1955, na mwenyewe alikufa kwa ajali ya gari kabla haijatoka. Kaka yangu ndiye alinipeleka senema. Mle kijana hapatani na baba yake, nami nikatoka nikiamini ugomvi wa dunia ni huo tu, kijana na mzee.

Oktoba 1968 ikatangazwa Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 sketi fupi na suruali za kubana marufuku. Waliowavizia dada zetu kwenye mabasi Kariakoo hawakuwa wazee, walikuwa vijana wenzetu. Siku moja dada yangu alirudi amejifunga kanga ya mama asiyemjua, sketi imechanwa. Baba alikuwa akimgombeza kila asubuhi kwa sketi hiyohiyo. Hakusema neno. Alichukua fimbo akatoka nayo kuwatafuta. Hakuwapata, akarudi saa nne usiku, na sketi haikutajwa tena nyumbani kwetu.

Filamu ya baba wa namna hiyo bado naisubiri.

Mama Wawili
Mimi hizo za shule za Marekani nilizijua ukubwani. Manzese kibanda cha video kilikuwa cha filamu za ngumi, Lufufu anatafsiri na kuongeza ya kwake. Binti akionekana pale, jina lake limekwisha. Kwa hiyo nilichungulia kwenye tundu la gunia, chini kabisa, na waigizaji wengi niliwajua kuanzia kiunoni kushuka.

Leo wanangu wanaangalia wenyewe chumbani, spika masikioni. Nasikia kicheko tu. Basi nachungulia tena, safari hii mlangoni 😂

Dogo wa Mbagala
Shikamooni. Nina miaka 19. Mnaotulaumu kwa simu, tafuteni Eighth Grade ya 2018. Binti wa miaka 13 anarekodi video za kuwafundisha wenzake kujiamini, watazamaji karibu hakuna, na shuleni kwao wanampa tuzo ya ukimya. Baba anayemlea peke yake anajaribu kumsemesha mezani, yeye kaziba masikio. Nililia, sitaficha.

Nikamtumia mzee wangu WhatsApp. Akajibu: "Bando halitoshi." Nikamuungia bando. Siku mbili kimya, halafu ikaja: "Yule baba ana moyo. Umekula?"

Hajawahi kuniuliza hilo kwa meseji.

Mleta mada
Marahaba dogo, umenimaliza. Binti kasema Jumapili ijayo filamu anachagua yeye, nitamtajia hiyo nione kama atakubali.

Babu, ile fimbo ya mzee iliishia wapi?

Babu wa Ilala
Ipo. Ndiyo ninayotembelea siku hizi.