Ali achorwe ukutani Mwanjelwa au asichorwe? (mjadala)

Kijana wa Kabwe
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Ukumbi mmoja wa ngumi hapa Mwanjelwa, Mbeya, unapakwa rangi upya. Ukuta wa kushoto wote kapewa fundi wa michoro amchore Muhammad Ali, ile picha ya Lewiston, Mei 1965: Sonny Liston kalala chali, Ali kasimama juu yake, mkono wa kulia kaukunja, anabwata. Baadhi ya wazazi wamegoma. Wanasema mtu aliyeishi kwa kutukana wenzake si wa kuwekwa mbele ya watoto. Wengine wanasema mkanda wa uzito wa juu mara tatu, 1964, 1974 na 1978, mnataka nini tena? Tupeni mawazo.

Mnyalu wa Kihesa
Achorwe. Na si kwa sababu ya mikanda. 28 Aprili 1967, Houston, liliitwa jina lake apige hatua moja mbele aingie jeshini, vita vya Vietnam hivyo. Hakusogea. Likaitwa tena, hakusogea. Leseni ikaenda, mkanda ukaenda, Juni akahukumiwa miaka 5 na faini dola 10,000. Alikuwa na miaka 25, ule umri bondia anachuma. Hakupanda ulingoni tena mpaka Oktoba 1970, Atlanta, na Jerry Quarry. Mahakama ya Juu ilikuja kuifuta hukumu 1971, majaji 8 kwa 0. Siku hizi bondia hawezi kukataa hata fulana ya mfadhili.

Kocha Mikono Juu
Mimi napinga, na matusi yake hayanihusu. Picha yenyewe ni ya kosa.

Ukimwangusha mtu, unakwenda kona isiyo ya mtu na unatulia huko. Mwamuzi haanzi kuhesabu kabla hujafika. Pale Lewiston Ali alibaki juu ya Liston anafoka, na mwamuzi Jersey Joe Walcott akawa anahangaika kumwondoa badala ya kuhesabu. Liston akainuka, wakaanza kupigana tena, ndipo Nat Fleischer, mhariri wa jarida la ngumi aliyekaa kando ya ulingo, akamwambia Walcott kwamba yule alishapita sekunde 10 chini. Ali aliokolewa na mtu wa kalamu. Jack Dempsey hakuokolewa: Chicago, 1927, alimwangusha Gene Tunney akabaki kasimama palepale. Tunney akapata sekunde kama 14 za kupumua, akainuka, akashinda kwa pointi. Sasa unataka mtoto wa miaka 13 alitazame kosa hilo kila jioni, tena limepakwa rangi ya mafuta?

La pili, mikono. Ali aliiacha kiunoni na kukwepa kwa kurudisha kichwa nyuma. Yeye alikuwa na urefu wa mita 1.91, miguu ya mtu wa uzito wa kati na jicho la kupima umbali. Wewe ukijaribu, uzito unahamia kisigino cha nyuma, kidevu kinapanda, mkono wa kulia hauko shavuni, na ngumi ya kuzungusha ya kushoto inakukuta hapohapo. Na ilimkuta hata yeye. Sonny Banks 1962, Henry Cooper 1963, Joe Frazier 1971 raundi ya 15. Wote watatu walimwangusha kwa mkono wa kushoto. Hiyo si bahati mbaya, ni tundu kwenye ukuta.

Bandari Salama
Kwani Mbeya nako kuna ngumi? Nyie endeleeni na viazi vyenu, Ali mtuachieni watu wa pwani. Mwakinyo alimmaliza Sam Eggington raundi ya pili, kwao Birmingham, 2018. Huko juu mmetoa nani?

Mzee wa Tukuyu
Mwanangu Bandari, Mwakinyo ni wa Tanga. Kutoka kwako mpaka kwake ni zaidi ya kilomita 300. Kama unagawana naye sifa kwa sababu wote mnaoga maji ya chumvi, basi na sisi tutamchukua Ali kwa sababu kwao Louisville nako kuna mvua. Na hizo chipsi unazokula ukiangalia ngumi, uliza viazi vimeshuka na lori la kutoka wapi.

Bandari Salama
Pwani ni pwani mzee wangu. Ngumi zinataka joto. Baridi ya Uyole inakakamaza misuli.

Kocha Mikono Juu
Hapa sipiti kimya. Mbeya ni kama mita 1,700 juu ya bahari. Bondia wa Dar akipanda huku, wiki ya kwanza raundi ya dakika 3 inamshinda dakika ya pili: moyo unakwenda mbio, miguu mizito. Unampunguzia raundi ziwe za dakika 2, mapumziko unayaongeza, na anahitaji kama wiki mbili mpaka tatu kuzoea. Wa kwetu akishuka Dar, mapafu hayana shida. Linalomwangusha ni jasho. Ashuke siku 10 kabla, afanye mazoezi asubuhi na jioni, apime uzito kabla na baada, na kila kilo iliyopotea airudishe kwa lita moja na nusu ya maji, kidogo kidogo, si kwa mkupuo mmoja. Wengi wanaopoteza pambano Dar walishalipoteza siku mbili kabla, wakikata uzito ndani ya sweta na nailoni juani.

Kinshasa 1974, Ali na George Foreman, ndiyo hesabu hiyohiyo. Foreman alikuwa na mapambano 40 bila kupoteza, 37 kati ya hizo kwa nokauti. Hakuzoea kwenda mbali. Joto la unyevu, saa kumi alfajiri, anarusha ngumi nzito kwenye mikono na mbavu za mtu aliyeegemea kamba. Raundi ya 8 alikuwa anasukuma, hapigi.

Binti Sangu
Jamani naona mmeruka jambo. Wazazi wanasema matusi, nyie mnazungumzia jasho.

Joe Frazier alimsemea Ali arudishiwe leseni wakati hana kitu. Malipo yake? Ali akamwita kibaraka wa wazungu, mjinga, na kabla ya pambano lao la Manila 1975 akawa anatembea na kisanamu cha sokwe mfukoni, anakipiga ngumi mbele ya waandishi. Mtu mweusi anamwita mweusi mwenzake sokwe ili tiketi zitoke! Frazier mwenyewe ni mtoto wa wakulima wa South Carolina. Kushoto kwake kulikuwa na mkono ambao haukunyooka tangu aumie utotoni akikimbizwa na nguruwe, na jicho la kushoto lilikuwa na ukungu, akawa anaficha kwa madaktari. Manila Ali alipomfumba la kulia, mtu alikuwa haoni ngumi zinatoka wapi. Kocha wake Eddie Futch akamkalisha kabla ya raundi ya 15. Huyo ndiye wa kuchorwa.

Mnyalu wa Kihesa
Ali aliomba radhi, dada. 2001.

Binti Sangu
Kupitia gazeti! Kaka Mnyalu, kwenu Iringa ukimkosea mtu unamtumia gazeti? Unatafuta mtu mzima, unakwenda naye mpaka mlangoni kwa aliyekosewa.

Mzee wa Tukuyu
Hapo binti umenena. Ndaga, asante. Lakini hiyo ya nguruwe imenikaa. Kwa kitimoto kinavyoliwa Mbeya hii, basi tunamlipia Frazier kisasi kila Jumamosi.

Ukweli Mchungu
Tusisahau hata Mwalimu Nyerere alikataa kuonana na huyu mtu. 1978 kama sikosei, alipokuja Dar. Mwalimu alijua kuchagua watu.

Mnyalu wa Kihesa
Unakosea, na mwaka umekosea. Ni Februari 1980. Na Mwalimu hakumkataa Ali, alimkataa Carter. Wasovieti walikuwa wameingia Afghanistan, Marekani inataka nchi zisusie Olimpiki ya Moscow, Rais Carter akamtuma Ali azunguke Afrika kushawishi. Tanzania ndiyo ilikuwa kituo cha mwanzo. Sasa mkuu wa nchi unatumiwa bondia kuzungumza mambo ya nchi? Waandishi wa Dar wakamuuliza: 1976 sisi Waafrika tulisusia Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza na Makaburu, mbona Marekani haikuja kutuunga mkono? Ali hakuwa na jibu. Alikiri kwamba hilo hakuambiwa. Ndicho ninachompendea mimi. Mjumbe mwingine angebuni uongo.

Ukweli Mchungu
Kwa hiyo unakubali alitumika.

Mnyalu wa Kihesa
Nakubali alitumwa bila kuelezwa. Si kitu kimoja.

Ukweli Mchungu
Yule aliyekataa kutumwa Vietnam 1967 akakubali kutumwa Dar 1980. Hapo nieleze mtu mzima.

Mzee wa Tukuyu
Wanangu, mkitaja 1976 mnanitonesha. Filbert Bayi ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500, dakika 3 sekunde 32.2, Christchurch 1974, akikimbia mbele tangu bunduki inalia, John Walker wa New Zealand anamfuata nyuma. Montreal sisi tukabaki nyumbani, Walker akachukua dhahabu. Wa New Zealand! Nchi ileile tuliyoisusia.

Bandari Salama
Ila Moscow tulikwenda, mzee, Kenya ikabaki nyumbani. Bayi fedha ya kuruka viunzi na maji mita 3000, Nyambui fedha ya mita 5000. Mpaka leo hatuna medali nyingine za Olimpiki. Mwalimu angemsikiliza Ali tungekuwa na sifuri.

Mzee wa Tukuyu
Leo Bandari umesema la maana. Nitakutumia gunia.

Kijana wa Kabwe
Wakubwa, naomba turudi ukutani. Fundi ameshachora buti za Ali na mwili wa Liston. Anauliza aendelee?

Ukweli Mchungu
Asichore. Na hata ushindi wa Kinshasa ulikuwa wa ujanja. Kocha wake Angelo Dundee alilegeza kamba kabla ya pambano ili Ali apate pa kulalia. Kila mtu anajua.

Fundi Nguzo
Kila mtu asiyewahi kufunga ulingo. Dundee mwenyewe alikana siku zote, alisema alikuwa anazikaza.

Kamba ya ulingo haihitaji mtu wa kuilegeza, hujilegeza. Ndani ni katani au nyuzi, juu yake kuna kitambaa au plastiki. Ukiifunga leo, uzito wa watu na joto vinaivuta, kesho imeongezeka urefu. Kwenye upande wa mita 6.10 ikirefuka sentimita chache tu, katikati inaanza kubembea. Ndiyo maana kamba haifungwi fundo kwenye nguzo, inakaa kwenye skrubu ndefu ya kukazia, na unakaza mara mbili: siku ya kufunga na saa chache kabla ya pambano la kwanza. Kinshasa pambano lilisogezwa kutoka Septemba mpaka 30 Oktoba kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini. Hesabu mwenyewe.

Na kamba legevu si zawadi kwa anayeegemea. Ukilala sana unatoka nje ya ulingo, mgongo unapinda, mbavu zinabaki wazi, na huna pa kusukumia miguu urudi katikati. Ali aliweza kwa sababu viwiko vilikuwa vimebana mbavu, glovu shavuni, na kila baada ya muda alimkamata Foreman shingo akamlazimisha abebe uzito wa watu wawili.

Kocha Mikono Juu
Na hata hivyo bili ilikuja. Earnie Shavers, Septemba 1977, raundi 15 za ngumi nzito. Baada ya hapo daktari wake Ferdie Pacheco aliona vipimo vya figo, akamshauri aache, hakusikilizwa, akaondoka kambini. Ali akaendelea mpaka Larry Holmes 1980, Dundee akamtoa baada ya raundi 10, halafu Trevor Berbick 1981. Miaka mitatu baadaye akaambiwa ana ugonjwa wa Parkinson. Vijana wakisikia "alimchosha Foreman kwenye kamba" wanadhani kamba inakinga. Kamba haikingi figo.

Binti Sangu
Kumbe kocha na sisi wazazi tuko upande mmoja.

Kocha Mikono Juu
Hapana dada. Mimi nataka achorwe, ila akipiga jabu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele: mguu wa kushoto mbele, bega limefunika kidevu, mkono wa kulia shavuni.

Mnyalu wa Kihesa
Mkono wa kulia shavuni? Huyo siyo Ali, huyo ni bingwa wa zamani Joe Louis kavaa sura ya Ali.

Fundi Nguzo
Mimi ukuta haunihusu. Kijana wa Kabwe, picha ya ukumbi uliyoweka mwanzo inaonyesha na ulingo wenu. Kamba ya pili kutoka chini inaning'inia kama ya kuanikia nguo. Mtoto akirudi nyuma hapo kichwa kinatangulia sakafuni. Mnakaza lini?

Kijana wa Kabwe
Skrubu za kona ya bluu hazigeuki, fundi. Zimeshika kutu.

Fundi Nguzo
Usizigonge nyundo, utaharibu meno ya skrubu. Mwagia mafuta ya taa jioni, acha zilale nayo, asubuhi spana, nusu mzunguko mbele, nusu nyuma, mpaka iachie. Ikigoma, kata, weka mpya. Kamba nne zikae sentimita 40, 70, 100 na 130 kutoka kwenye turubai, na kila upande zifungwe vitambaa viwili vya wima vizishikanishe, maana bila hivyo hata ukikaza zinaachana mtu akiegemea. Kaza kona zote kwa zamu, kidogo kidogo. Ukimaliza kona moja kwanza unaivuta nguzo inalala upande.

Kijana wa Kabwe
Asante sana fundi. Mafuta ya taa kiasi gani?

Fundi Nguzo
Nusu kikombe kwa kona nne. Na mwambie huyo mchoraji asogeze ngazi, ameiegemeza kwenye nguzo ya bluu.