Begi la kazini kwa mwanaume: la mgongoni, la kuvuka kifua au mkoba wa mkononi?

Mkazi wa Usa River
Wakuu habari za jioni. Nataka kununua begi la kwendea kazini kabla mwezi haujaisha. Nimebaki na matatu kichwani: la mgongoni, lile la mkanda mrefu unaovuka kifua likakaa ubavuni, au mkoba wa kushika mkononi. Mimi roho yangu iko kwenye la kuvuka kifua. Shida ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tulikuwa naye mjini nikalijaribu dukani, akacheka mpaka muuzaji naye akaanza kucheka. Anasema hilo ni pochi la dada. Wenye uzoefu nisaidieni, lipi linamfaa mwanaume?

Chalii wa Sakina
Bajeti? Unabeba nini? Unapanda haisi, boda au una usafiri wako? Umetueleza kicheko cha shemeji, begi lenyewe hujaeleza chochote.

Kibosho Juu
Na kazi gani? Mwalimu, mhasibu na anayepeleka wageni porini hawabebi begi moja.

Babu wa Ngarenaro
Mimi niko na shemeji. Mwanaume ana mifuko minne: miwili ya mbele, mmoja wa nyuma, mmoja wa shati. Kisichoingia humo hakikuhusu, kiache nyumbani. Enzi zetu mtu alikwenda ofisini na gazeti kwapani na kalamu mfukoni, na kazi zilikwenda. Leo kijana ana kipochi ubavuni, ukikifungua ni kitana na mafuta ya midomo.

MamaPacha
Babu shikamoo. Hao wa mifuko minne ndio ninaoishi nao. Jumapili tukitoka tu ibadani: mama pacha nishikie simu, nishikie funguo, chukua na miwani hii, na hii chaja usije ukaipoteza. Tukifika nyumbani pochi langu lina uzito wa mtoto wa tatu. Begi mnalo siku zote, ila linabebwa na mtu mwingine.

Babu wa Ngarenaro
Marahaba mwanangu. Kushikiana vitu ndiyo ndoa yenyewe.

MamaPacha
Basi na wewe mshikie bibi mkoba wake siku moja, kutoka mnara wa saa mpaka stendi ndogo, mchana kweupe. Halafu uje utusimulie.

Babu wa Ngarenaro
Hapo sasa umevuka mpaka.

Chalii wa Sakina
😂😂 Babu kakamatika.

Mpagazi wa Machame
Nimepanda mlima miaka mingi. Pale getini mzigo unapimwa, mwisho kilo 20, na hapo hujahesabu begi lako mwenyewe lenye nguo na blanketi. Mzigo wa mgeni kichwani, begi lako mgongoni, trei za mayai mkononi, unapandisha. Sijasikia hata siku moja mtu akituita akina dada. Ila nikishuka mjini na begi lile lile moja, naulizwa "vipi, siku hizi umekuwa mtalii?"

Chalii wa Sakina
Tofauti ni kwamba wewe unalipwa kubeba.

Mpagazi wa Machame
Na huyu anayebeba kompyuta ya ofisi, anabeba kwa kujitolea?

Mkazi wa Usa River
Samahani nilikuwa njiani. Mimi ni afisa mikopo, nimeanza juzi juzi. Bajeti elfu arobaini, isizidi hamsini. Nabeba kompyuta, kitabu cha risiti, hotpoti ya mchana na sweta, maana mnaijua Arusha ya Julai. Asubuhi haisi hadi mjini, halafu boda kuwafuata wateja Unga Limited na Kwa Mrombo.

Kibosho Juu
Haya, sasa tunaongea. La kuvuka kifua nilikuwa nalo, sikiliza yaliyonikuta.

Nililinunua duka moja pale Moshi mjini, silitaji. La kahawia, linang'aa, muuzaji akawasha kiberiti akakipitisha kwenye ukingo kunionyesha haliungui, eti kwa hiyo ni ngozi halisi. Nikatoa elfu sitini na tano. Mwanzoni raha tupu, hata ofisini waliniuliza nimelipata wapi. Masika yakaingia. Mkanda ukaanza kubanduka magamba pale unapokaa begani, kila shati jeupe jioni lina mstari wa kahawia ambao sabuni haiutoi. Nikavumilia.

Siku hiyo niko kwenye boda nashuka kutoka KCMC, begi ubavuni, ndani kompyuta ya ofisi na fomu za watu. Boda akaruka tuta. Sikusikia kishindo chochote, nilisikia tu bega limekuwa jepesi. Kugeuka, begi liko katikati ya lami na haisi inakuja. Dereva wa haisi alilikwepa, Mungu ambariki. Pikipiki iliyokuwa nyuma yake haikulikwepa.

Nimekaa pembeni ya barabara nalikagua ndipo nikaona. Kile kipete kinachoshika mkanda, nilichodhani ni chuma, kilikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu. Kimekatika katikati, ndani nyeupe pee. Nikarudi dukani nacho mkononi. Muuzaji akanionyesha karatasi ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi. Nikamwambia sijaja kurudisha, nimekuja uniwashie kiberiti tena. Akasema aliyekuuzia leo hayupo. Na ni yeye! Kompyuta nilikatwa kwenye mshahara.

Kwa hiyo mimi sina ugomvi na uanaume wa mtu. Nina ugomvi na vipete.

Fundi Turubai
Pole sana kaka. Kiberiti hakithibitishi kitu, dawa nyingi za juu zinavumilia moto wa sekunde mbili. Geuza ukingo uone upande wa nyuma: ngozi ina nyuzi nyuzi zilizoshikana, ya bandia utakuta kitambaa kimebandikwa. Kipete kigonge kwenye kaunta, chuma kina mlio wake.

Mwanahistoria
Turudi kwenye hoja ya babu. Hiyo mifuko minne anayojivunia ni mambo ya juzi tu. Huko Ulaya zamani, kabla mifuko haijaanza kushonewa ndani ya suruali, wanaume walining'iniza vipochi kwenye mshipi, matajiri kwa maskini. Waskoti mpaka leo wakivaa zile sketi zao wanaweka kipochi cha ngozi mbele, kwa sababu sketi haina mfuko.

Babu wa Ngarenaro
Sketi tena? Umeiua hoja yako mwenyewe.

Yero wa Monduli
Hata shuka halina mfuko babu. Simu yangu iko kwenye kipochi cha shanga alichonishonea mama, kinaning'inia shingoni. Anayetaka kunicheka aje anichekee kwa karibu.

Babu wa Ngarenaro
Wewe na rungu lako nakuheshimu.

Chalii wa Sakina
Na kila Juni waziri wa fedha anaingia bungeni Dodoma ameshika mkoba, wapiga picha wote wanamkimbilia. Mbona yule hamumwiti dada?

Babu wa Ngarenaro
Ule una matrilioni. Wa kwenu una hotpoti.

MamaPacha
Tena watu mmesahau haraka. Kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku Juni 2019, mwanaume alikuwa anazunguka mji mzima na Rambo nyeusi. Vyeti humo, viatu vya kubadilisha humo, nyama humo, na ni nyeusi makusudi ili jirani asijue ni nini. Nyie mliona sawa kabisa. Rambo zilipoondoka mkahamia kwenye hii ya kitambaa ya sokoni. Naona wazee wazima na vimifuko vya rangi ya waridi, vimechanika mpini, wamekumbatia kifuani. Hicho ndicho cha kiume?

Kibosho Juu
Mama pacha leo umeamua.

Chalii wa Sakina
Mkazi, kwa safari zako chukua la mgongoni, uzito ugawane mabega mawili. Kwenye haisi unalihamishia kifuani, maana pale stendi zipu inafunguliwa ukiwa umesimama na hujui. Mimi nilikuja kushtuka sehemu ya mbele iko wazi na chaja imekwenda.

Mpagazi wa Machame
La mgongoni, naunga mkono. Lenye mkanda wa kufunga kiunoni hutasikia uzito hata ukitembea Unga Limited yote.

Mkazi wa Usa River
La mgongoni nilikuwa nalipenda, ila meneja hapendi. Anasema linakunja koti la suti na tunaonekana wanafunzi.

Chalii wa Sakina
Sasa hilo si ungelisema mwanzo?! Tumekaa hapa tunakuchambulia begi ambalo bosi kalikataa.

Fundi Turubai
Kaka, kuna kitu hakijasemwa. Wewe ni afisa mikopo. Mtaani wanaijua siku ya marejesho kuliko wewe. Ukipita na begi jipya linalong'aa umelibana kwapani, umewatangazia. Hawa wa pikipiki wanaokwapua wakishika mkanda uliovuka kifua hawakuachii, wanakuburuta nao. Ukiwa boda, begi likae kati yako na dereva, si ubavuni upande wa barabara.

Kibosho Juu
Na mkoba wa mkononi kwenye boda utaushikaje? Huo ni wa mwenye gari. Ufute.

Shemeji Mtu
Mimi pia ni shemeji wa mtu, niseme kidogo. Siyo kwamba tunachukia begi. Mdogo wangu kaolewa, napenda mumewe akipita mtaani aheshimiwe. Watu wanaongea. Kile kibegi kikiwa kidogo, kimebana juu ya mbavu, na mtu ameshika mkanda kwa vidole viwili, kusema kweli inaleta picha fulani. Kikiwa kikubwa, cha turubai, kimechakaa kidogo, hakuna atakayeuliza.

MamaPacha
Kwa hiyo uanaume ni sentimita?

Shemeji Mtu
Dada sitaki kesi.

Mwanahistoria
Lakini kajibu kwa ukweli. Angalieni makonda, wana kibegi kiunoni kidogo kuliko vyote na hakuna anayewatania. Mawakala wa pesa vilevile. Kinaonekana kina hela, basi kimekuwa cha kiume.

Babu wa Ngarenaro
Sasa hapo mmenena. Hela hubebwa na yeyote.

MamaPacha
Babu, na nepi? Wangu alikataa katakata kubeba begi la watoto kliniki. Pacha wawili mikononi mwangu, begi begani kwangu, yeye ametangulia mbele anatufungulia njia.

Chalii wa Sakina
Anatufungulia njia 😂😂😂 njia ya kliniki ina simba?

Mpagazi wa Machame
Mimi wa kwangu nilikuwa nafunga begi la nepi juu ya begi langu, natembea. Wauguzi walinipa nafasi ya mbele. Jaribuni muone.

Mkazi wa Usa River
Wakuu naomba turudi kwenye begi. Mke wangu kasoma hapa, anasema ninunue lolote ila hotpoti yake isimwagike mchuzi ndani.

Fundi Turubai
Basi fanya hivi. Usinunue jipya kwa elfu arobaini, utapata kipete cha Kibosho. Tafuta begi la kamera la mtumba pale Krokoni, au ukiwa Moshi ingia Memorial asubuhi wanapofungua marobota. La turubai, pana chini hotpoti isimame wima, mkanda mpana. Ishirini hivi unalipata. Hela inayobaki mpe fundi akushonee mkanda upya mara mbili kwa uzi wa nailoni na akuwekee vipete vya chuma. Mwenye uwezo zaidi, ngozi yenyewe ipo kiwanda cha Karanga pale Moshi, ila kwa bajeti yako tuliache hilo.

Kibosho Juu
Nakubali, ingawa mimi sasa hivi natembea na bahasha.

Babu wa Ngarenaro
Kwapani?

Kibosho Juu
Kwapani babu.

Babu wa Ngarenaro
Safi.

Mkazi wa Usa River
Asante fundi. Mimi bado lile la dukani linanivuta, nitalipitia tena niligonge kwenye kaunta. Kama si hilo basi mtumba. Fundi wa kushona mkanda anapatikana wapi huku Arusha? Jumamosi nina nafasi.

Fundi Turubai
Kilombero, upande wa mafundi viatu, ulizia Mpare wa mabegi, kila mtu anamjua. Ila Jumamosi usijisumbue, ni Msabato. Jumapili saa mbili asubuhi ameshafungua.